Sakafu ya tela imeoza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kubadilisha mbao

Tela ninalolizungumzia hapa ni lile dogo la ekseli moja, futi 8 kwa futi 4 kwa ndani, linalovutwa na pikapu au pawatila, lile trekta dogo la magurudumu mawili. Langu linafanya kazi bonde la Kilombero: wakati wa mavuno linabeba mpunga, miezi mingine matofali na mchanga. Nimeshalibadilishia sakafu mara mbili. Ya kwanza ilidumu misimu miwili tu, maana nilikosea karibu kila kitu. Ya pili bado iko imara, na tangu watu waanze kuiona wananiuliza maswali yaleyale. Nimeamua kuyaandika.

Nitajuaje kama mbao zimeoza kweli, au zimechakaa juu tu?

Chukua bisibisi bapa uzichome. Usichome katikati ya ubao, kwa sababu pale ni mahali pa mwisho kuoza. Choma pale ubao ulipolalia chuma, kuzunguka boliti, kwenye ncha za nyuma karibu na mlango, na kwenye kona zile ambazo mchanga hujikusanya na ufagio haufiki. Ubao mzima unaikataa bisibisi, na ukibandua kibanzi kinatoka kirefu chenye nyuzi. Uliooza unaipokea bisibisi kama muhogo ulioiva, na kibanzi chake kinakatika kifupi bila mlio. Rangi ya kijivu juu isikutishe. Hilo ni jua tu.

Kisha lala chini utazame kwa tochi. Sakafu nyingi huoza kuanzia upande wa chini, huku juu bado unatembea bila wasiwasi.

Nitatofautishaje kuoza na mchwa?

Mchwa huacha udongo. Ukiona vijia vya udongo chini ya ubao, au ukivunja ukakuta ndani kumejaa tope kavu, hao ni wao. Bungua huacha matundu madogo ya mviringo na unga laini unaodondoka. Kuoza hakuachi udongo wala unga. Ubao unakuwa laini, unapasukapasuka vipande vya pembe nne, au unageuka nyuzinyuzi nyeupe.

Kwa mchwa, angalia tela lako linavyolala. Wengi tukilifungua kwenye gari tunauacha mkono wa kuvutia ulale chini kwenye udongo, wiki tatu nne. Hiyo ndiyo ngazi yao. Uwekee jiwe au kipande cha tofali.

Mbona zimeoza upesi hivi, na nilinunua mbao nzuri?

Mbao haziozi kwa sababu ya kunyeshewa, zinaoza kwa sababu ya kutokauka. Kuvu wa kuozesha wanahitaji ubao wenye unyevu. Ukishuka chini ya asilimia 20 hivi, hawafanyi kazi. Ubao unaonyeshewa usiku na kukauka mchana unaweza kukaa miaka mingi. Unaooza ni ule uliobanwa na mwenzake bila mwanya, au uliolalia chuma chenye kutu inayoshika maji kama sponji, au uliofunikwa na mchanga mbichi tangu Machi hadi Mei.

Sakafu yangu ya kwanza nilibananisha mbao mpaka wembe haupiti. Nilidhani ndiyo ufundi. Mvua ilipozifikia zikavimba, zikasukumana, mbili zikainuka katikati kama mgongo wa ngamia, na kwenye maungo maji yakabaki humo hadi kiangazi.

Naweza kuacha mbao zilizooza na kufunika juu kwa bati au cheka pleti (bamba la chuma lenye vinundu)?

Hapana, na hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa sababu linaokoa siku mbili za kazi. Maji yatapita kwenye matundu ya boliti na pembeni mwa bati, yatakaa kati ya bati na mbao, na hayatakuwa na jua wala upepo wa kuyakausha. Ubao uliokuwa umebakiza mwaka mmoja utamaliza kwa mvua za msimu mmoja. Tena bati lenyewe litaanza kutoboka kutoka chini, upande usiouona. Nimemwona jirani akimimina matofali kwenye tela la namna hiyo: juu linang'aa, chini hakuna kitu, bati likazama kama godoro na tofali zikashuka hadi kwenye ekseli.

Je, nibadilishe ubao mmoja mmoja?

Kama umeoza mmoja kwa sababu inayojulikana, mfano betri ilimwagikia au kona moja ilikuwa haipati hewa, badilisha huo mmoja. Kama imefika mitatu kati ya minane, toa zote. Chuma kilicho chini utakipaka rangi vipi ukiwa umeacha mbao nyingine juu yake?

Mbao gani inafaa?

Inategemea unabeba nini na unaishi wapi. Mbao ngumu za asili, mninga na mkongo, zinastahimili kuoza zenyewe bila dawa, na mninga una sifa moja ninayoipenda: ukishakauka hauchezichezi, hauvimbi sana wala hausinyai sana. Lakini ni ghali, na lazima zitoke mahali halali. Mbao zenye vibali hugongwa nyundo, na za kusafirisha zinahitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Usikubali mtu akuletee usiku kwa pikipiki halafu ukamatwe nazo wewe. Kuweka mninga unaofaa kitanda cha maharusi kwenye tela la mchanga, kwangu ni israfu.

Mtiki ni mzuri mno na huku kwetu Kilombero umepandwa, kama ulivyo Longuza kule Muheza. Angalia tu ubao uwe wa kiini, ile sehemu ya kahawia. Sehemu nyeupe ya nje ya mtiki huoza kama mti mwingine wowote, na mbao za miti michanga zimejaa nyeupe.

Mkaratusi una nguvu ila unapasuka na kujipinda. Ukiuweka mbichi utajuta.

Mimi niliweka paina yenye dawa, zile mbao za kijani zinazotoka mashamba ya Sao Hill, Mafinga. Inapatikana kila mji, bei inavumilika, na dawa ikiwa imeingia kweli inakaa. Tatizo ni hilo neno kweli. Mara ya kwanza niliuziwa mbao za kijani nzuri kabisa. Nilipokata futi moja kutoka kwenye ncha, ndani nikakuta nyeupe hadi milimita moja ya mwisho. Zilikuwa zimepakwa rangi tu. Siku hizi sinunui kabla muuzaji hajakubali kukata ubao mmoja mbele yangu, na nikate mbali na ncha, maana ncha hunywa dawa hata kama katikati haijaingia. Akikataa, nimeshapata jibu.

Lazima zikauke kwanza?

Lazima. Mbao zenye dawa mara nyingi huuzwa zikiwa bado nzito kwa maji. Zipange kivulini, juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vijiti ili upepo upite, na weka uzito juu zisijipinde. Kujua zimekauka si lazima uwe na kipimo cha kisasa. Mimi nilitumia mizani ya mpunga: nilichagua ubao mmoja, nikaandika uzito wake kwa mkaa ubavuni, nikawa naupima kila Jumapili. Ulipoacha kupungua, nikajua tayari. Watoto waliona mzee amepata kichaa, kupima ubao kama gunia.

Marine board je?

Zile plaiwudi za milimita 18 zenye ngozi nyeusi au nyekundu, zinazoitwa marine board madukani, nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya kumwagia zege, si kwa mashua. Kwa tela la kubeba magunia, mayai, au vyombo vya harusi, zinafaa: ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 unaenea bila kuunga, ni mwepesi, kama kilo 30 na kitu, na unafagilika vizuri. Kwa mawe na matofali hazifai. Kona ya jiwe inachana ile ngozi, maji yanapenya, tabaka zinaachana kama chapati. Ukiziweka, paka rangi nzito kwenye kingo zote nne na ndani ya kila tundu kabla ya kufunga boliti, na mataruma, vile vyuma vinavyobeba sakafu kwa chini, yasiachane zaidi ya sentimita 40.

Na chuma kitupu?

Cheka pleti ya milimita 3 kwa ukubwa huo ina zaidi kidogo ya kilo 70. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba paina kavu ya inchi 2 ina uzito wa karibu sawa. Kwa hiyo suala si uzito. Chuma kinafaa kwa mchanga na kokoto kwa sababu chepe linateleza. Hakifai kwa mifugo: mbuzi akikojoa tu, ng'ombe wa nyuma yake anaanguka. Kinaunguza saa saba mchana, na mbolea ya chumvichumvi au samaki wa pwani hukila haraka. Ukikiweka, toboa matundu ya kutolea maji kwenye kona.

Boliti za zamani zimeganda kwa kutu. Nizitoeje?

Usipoteze asubuhi kwa spana. Kata kwa grenda upande wa nati, kisha piga boliti itoke kwa nyundo na kipande cha nondo. Kabla ya hapo chomoa waya wa taa kwenye gari, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, na weka magogo chini ya chesisi kwa pande zote mbili za ekseli. Tela la ekseli moja linabinuka ukitoa uzito upande mmoja, na jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake. Vaa miwani.

Kisha kuna moto. Ubao uliooza ukiwa mkavu unashika cheche kama pamba, tena haulipuki, unafuka ndani kwa ndani. Nilikata boliti zote, nikaenda kunywa chai kibarazani, nusu saa baadaye mke wangu akauliza nani anachoma takataka. Ubao wa tatu ulikuwa umeliwa shimo la ukubwa wa kikombe, bila mwali hata mmoja. Tangu siku hiyo namwagia mbao maji kabla ya kukata, na ndoo inabaki pale hata baada ya kazi.

Nikitoa mbao nikakuta chuma chenyewe kimeoza?

Utakikuta. Hakuna tela lililooza sakafu likabaki na mataruma safi. Mataruma ni vile vyuma vinavyokatiza chini ya mbao kutoka ubavu hadi ubavu. Vigonge vyote kwa nyundo ndogo: kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya debe lenye pumba. Kilichoanza kutoboka kikatwe kiwekwe kingine. Usikubali kuzibiwa kwa kiraka juu ya kutu.

Fundi akichomelea, kibano cha waya wa kurudishia umeme kiwekwe karibu na pale anapochoma, kwenye chesisi. Kikiwekwa kwenye gurudumu au hapu (kitovu chake), umeme utapita kwenye beringi na kuziunguza vijipele. Vyuma vyenye rangi ya fedha ya zinki vikwanguliwe kwanza, maana moshi wake unaleta homa ya usiku. Mafundi wengi wanasema dawa yake ni maziwa. Kunywa maziwa yako kwa raha, lakini kaa upande upepo unakotoka.

Baada ya hapo piga brashi ya waya hadi kutu inayobanduka iishe, paka redi oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili, na juu ya kila taruma, pale ubao utakapolalia, rangi ya lami. Kuna wanaoweka vipande vya tyubu kuukuu kati ya chuma na mbao. Nimejaribu. Vinashika maji pembeni, nimeacha.

Unene gani, na nafasi kiasi gani kati ya ubao na ubao?

Mataruma yangu yako matano, yameachana sentimita 60. Kwa nafasi hiyo inchi 2 ya paina haina wasiwasi, na inchi moja na nusu ya mbao ngumu inatosha. Inchi moja ni ya kubebea godoro.

Mbao zangu za inchi 6 zilipokauka zilikuwa na upana wa milimita 148. Nane zinafanya 1184. Upana wa ndani ni milimita 1220, zimebaki 36. Nikaweka mianya saba ya milimita 4, na milimita 4 nyingine kila ubavu. Kipimo chake ni msumari: unausimamisha kati ya mbao mbili, unafunga, unauchomoa. Mpunga uliomwagika utapita kidogo, ndiyo, lakini nani anamwaga mpunga bila turubai? Kama una mbao zilizo mbichi kidogo na huwezi kusubiri, punguza mwanya, zitasinyaa zenyewe.

Mbao zilale kwa urefu wa tela. Chepe linakwenda na uzi wa ubao, halichimbi. Na ubao uliojikunja kidogo, tumbo lake liangalie juu ili maji yamwagike.

Boliti au misumari?

Boliti. Tela linatikisika, msumari unapanda taratibu hadi unakutana na tairi la baiskeli ya mtoto au na gunia. Tumia zile za kichwa cha kofia chenye shingo ya pembe nne. Shingo inang'ata ubao, boliti haizunguki unapofunga nati chini, na kichwa hakikamati chepe. Mimi natumia milimita 8, mbili kwenye kila ncha ya ubao na moja moja katikati. Kwa mbao nane na mataruma matano ni boliti 56, nunua 60.

Neno moja dukani: kwenye duka la spea ukiomba boliti namba 13 utapewa inayofungwa kwa spana 13, ambayo unene wake ni milimita 8. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi ukisema 13 watatafuta nene kama kidole gumba. Beba mfano.

Mbao zenye dawa zina shaba, na shaba inakula chuma. Boliti nyeusi hazifai kabisa. Za njano zinazong'aa zina zinki nyembamba, afadhali kidogo. Zinazodumu ni zile za kijivu zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zinakwaruza ukizipapasa. Kila ulipokata ubao na kila tundu ulilotoboa, paka dawa ya mbao kabla ya kufunga. Ncha ya ubao inanyonya maji kama utambi.

Kama mataruma yako ni skwea paipu (bomba la pembe nne), usitoboe ukapitisha boliti juu hadi chini: ukikaza, paipu linabonyea, na maji yanaingia ndani. Chomelea ubavuni vipande vya flati ba (chuma bapa) vyenye matundu, boliti zipite humo. Na kabla ya kila tundu, chungulia waya wa taa unapita wapi.

Watu wanasema nipake oili chafu. Ni kweli inasaidia?

Inafukuza maji kwa muda, na mchwa hawaipendi. Lakini inaoshwa na mvua ikaingia shambani, inachafua kila gunia, inateleza, na imejaa metali zilizosagika kwenye injini na mabaki yanayoweza kuleta saratani. Kwa tela linalobeba chakula, hapana. Nunua dawa ya mbao ya dukani, upake chini na kingoni. Juu sipaki rangi ya kung'aa: kokoto zinaichana, halafu maji yanaingia chini yake na kushindwa kutoka.

Nimwite seremala au fundi wa kuchomelea?

Fundi wa chuma siku ya kwanza, wewe mwenyewe siku ya pili. Seremala niliyemwita mara ya kwanza alikuja na kilo mbili za misumari.

Naweza kubeba mpunga au mahindi juu ya mbao zenye dawa?

Yakiwa kwenye magunia na chini kuna turubai safi, sawa. Usimwage nafaka moja kwa moja. Turubai nalo likunjwe na kutolewa ukishashusha. Likiachwa limelala mbichi juu ya mbao, unalea kuvu.

Nitunzeje isioze tena?

Fagia kona. Ukilifungua tela, liegeshe mkono wa kuvutia ukiwa juu na mlango wa nyuma wazi, maji yashuke. Mchanga usilale ndani. Baada ya mwezi mmoja kaza boliti zote tena, kwa sababu mbao zitakuwa zimesinyaa. Usipofanya hivyo utasikia zikigongana barabarani.

Mbao kuukuu nizifanyie nini? Zinafaa kuni?

Kama zilikuwa za kijani, zisiingie jikoni. Dawa iliyozoeleka zaidi kwenye mbao hizo ina arseniki. Ukichoma, inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Usikaushie samaki, usioteshee mtoto moto, na majivu usimwage kwenye mchicha. Hata maranda yake usiwawekee vifaranga. Unapozikata vaa kitambaa puani na glavu, na unawe kabla ya kula. Zilizobaki nzima nimezitumia kama nguzo fupi za uzio mbali na kisima, na mbovu nimezifukia mbali na bustani.

Kati ya zile za kwanza kabisa, nilizozikuta nikinunua tela, mbili zilikuwa mninga usio na dawa. Zilikuwa zimeoza ncha tu. Nilikata futi moja kila upande, nikapiga randa, na sasa ni benchi la kibarazani, hapo ninapokalia kusubiri moshi.